UZI: Mama Mjamaika alichaguliwaje Kanada mwaka 1972, na hapa Nairobi mtu hapiti hata mchujo wa wadi?

#1 Mpekuzi wa Kariobangi
Wadau, hamjambo. Jumamosi nilifungua sanduku la bati la marehemu baba, natafuta karatasi za shamba. Karatasi sikuziona. Nilichopata ni bahasha ya mwaka 2009 kutoka kwa shangazi yangu aliye Vancouver, Kanada. Stempu nne zimebandikwa mstari mmoja, zote uso ule ule wa mama mweusi, na muhuri wa posta umewapiga wawili usoni. Jina: Rosemary Brown.

Nikaingia mtandaoni kumtafuta, nikakesha. Amezaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1930. Baba akafariki akiwa mdogo, akalelewa na nyanya yake. Mwaka 1951 akaenda Kanada kusoma chuo kikuu cha McGill, Montreal. Bwenini wasichana wakakataa kukaa naye chumba kimoja. Akaolewa, akahamia Vancouver, akanyimwa nyumba, akanyimwa kazi. Miaka 21 baada ya kushuka kwenye ndege, mwaka 1972, wananchi wa Vancouver wakamchagua kuingia bunge la jimbo la British Columbia. Mtu mweusi wa kwanza Kanada nzima kuingia bunge la jimbo!

Swali langu ni moja. Watu waliokuwa wanamfungia mlango wa nyumba, iliwezekanaje wakampa kura? Maana hapa kwetu mtu akitoka tu ng'ambo ya mto wa pili, anaitwa mgeni mpaka anazikwa.

#2 stima_imepotea
Uzi mzuri. Naweka kiti.

#3 Wakili wa Mtaa
Mkuu, masahihisho kabla watu hawajabeba habari kichwa chini. Hakuwa *mtu* mweusi wa kwanza. Alikuwa *mwanamke* mweusi wa kwanza. Leonard Braithwaite aliingia bunge la Ontario mwaka 1963, miaka 9 kabla yake. Na uchaguzi huo huo wa 1972 wa British Columbia aliingia mweusi mwingine, Emery Barnes, Mmarekani, jitu la miraba minne lililokuwa likicheza kandanda yao ile ya kubeba mpira mkononi katika timu ya BC Lions. Barnes baadaye, mwaka 1994, akawa Spika wa bunge hilo.

Sasa swali lako lirekebishe: si "ilikuwaje mmoja akapita," ni "ilikuwaje wakapita wawili siku moja."

#4 Mpekuzi wa Kariobangi
@Wakili wa Mtaa nimekubali, nilisoma haraka. Lakini hapo umelifanya swali kuwa gumu zaidi, hujanijibu.

#5 Baba Kevo
Jibu ni rahisi. SUTI, yaani watu wanapigia chama kura bila kuangalia mgombea ni nani. Mwaka ule chama cha NDP cha Dave Barrett kiliwafagia. Yule W.A.C. Bennett alikuwa ametawala jimbo miaka 20 tangu 1952, watu wamemchoka. NDP wakachukua viti 38 kati ya 55. Kukiwa na wimbi kama hilo, hata ukiweka mti wa mkaratusi kwenye debe unapita. Sisi si tunajua? Hapa Nairobi kuna watu waliingia bungeni hata wapiga kura hawakujua sura zao, chama tu.

#6 Shiro wa Zimmerman
@Baba Kevo mti wa mkaratusi??? 😂 Mama wa watu amesoma mpaka shahada ya uzamili ya kazi za ustawi wa jamii, wewe unamfananisha na mti.

#7 Mwalimu Mstaafu
Hiyo hoja ya suti ina tobo, Baba Kevo. Wimbi likija hubeba, likirudi huacha mchanga mtupu. Desemba 1975 Barrett aliitisha uchaguzi mapema akashindwa vibaya, hata kiti chake mwenyewe alipoteza. Rosemary Brown alibaki. Kama alibebwa na wimbi, lilipokupwa nani alimshika mkono?

Kisha kabla ya uchaguzi wa 1979 eneo lake la Vancouver-Burrard likafutwa kwenye ramani. Wengine wangekwenda nyumbani kulima. Yeye akahamia Burnaby-Edmonds, watu wapya kabisa, wakamchagua, akakaa mpaka alipostaafu mwenyewe 1986. Miaka 14 bila kushindwa hata mara moja. Mti gani huo?

#8 Baba Kevo
Mwalimu umenichapa mbele ya watoto. Lakini kuingia mara ya kwanza ndiko kugumu. Ukishaingia, umeingia. Mheshimiwa ni mheshimiwa.

#9 Hesabu za Usiku
Mnasahau jambo moja la kiufundi. Vancouver-Burrard ilikuwa na viti VIWILI. Kila mpiga kura alikuwa na kura mbili za kutoa, na NDP ikasimamisha watu wawili, Brown na Norm Levi. Hebu fikirini mpiga kura asiyemtaka mwanamke mweusi lakini anakitaka chama. Anampa Levi kura yake, mkononi imebaki moja. Ampe mpinzani? Anaona heri ampe huyo mama. Kwenye kiti kimoja angelazimika kuchagua, kwenye viwili hana uchungu.

Ndiyo maana hapa kwetu wadi ni kiti kimoja na ni vita.

#10 Mwalimu Mstaafu
@Hesabu za Usiku nzuri, sikuwa nimeliona hivyo. Ila Burnaby-Edmonds ilikuwa kiti kimoja, na huko pia alipita, 1979 na 1983. Kwa hiyo hesabu yako inaeleza mlango wa mbele tu.

#11 Mgombea Aliyeanguka
Niseme yangu kwa sababu huu uzi umenigusa kidonda. Niligombea uwakilishi wadi huku Eastlands, chama sitakitaja. Nimezaliwa Nairobi, nimesoma Nairobi, mke nimempata Nairobi kwenye foleni ya maji. Siku moja tunazunguka nyumba kwa nyumba, mzee mmoja anashona viatu, akanitazama vizuri akaniuliza, "Kijana, kwenu ni wapi?" Nikamwambia Huruma. Akasema, "Hapana. Kwenu." Nikamwambia mzee, Huruma, ile ghorofa ya rangi ya kijani nyuma ya soko. Akaweka sindano chini. "Mnakozikana ni wapi?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu babu yangu amezikwa kaunti ambayo mimi nimelala usiku labda 10 maisha yangu yote. Nikamtajia. Akaokota sindano, akasema, "Haya, umefanya vizuri kusema ukweli." Kwenye mchujo nilikuwa wa nne kati ya watano.

Sasa huyo mama, makaburi ya kwao yako Kingston, ng'ambo ya bahari. Vancouver walimuuliza nini?

#12 Shiro wa Zimmerman
Pole ndugu. Kwani wa tano alikuwa nani 😅

#13 Mgombea Aliyeanguka
Wa tano alijiondoa asubuhi ya kura.

#14 Kibra Damu
#11 umesema "mnakozikana". Sisi Wanubi tunazikana hapa hapa Kibra zaidi ya miaka 100, na bado tunaulizwa kwetu ni wapi. Babu wa babu yangu aliletwa na Mwingereza kutoka Sudan, askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika, akapewa kakipande msituni. Neno lenyewe Kibra kwa lugha yetu ni msitu. Hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, tumepewa mwaka 2017. Na mimi mwenyewe nilipokwenda kutafuta kitambulisho nilipigwa msasa na wazee mezani, nitaje majina ya mababu, wakati rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alichukua chake bila maswali.

Kwa hiyo msidanganyane kwamba ukizika wafu wako mahali basi umekuwa mwenyeji. Hoja ni nani ameshika karatasi.

#15 Wakili wa Mtaa
Tukija kwenye karatasi, acheni niwape sheria yetu ilivyo, mpime wenyewe. Katiba ya 2010: mgeni anaweza kuomba uraia akishaishi hapa kihalali miaka 7 mfululizo. Akishapata, ili agombee ubunge au uwakilishi wadi lazima awe raia kwa miaka 10 kabla ya uchaguzi. Gavana vilevile, maana masharti yake yamefungwa kwenye yale ya mwakilishi wadi. Urais sahau, ni wa kuzaliwa. Na kifungu cha 78 kinamkataza afisa wa serikali kushika uraia wa nchi mbili.

7 na 10 ni 17. Brown alikaa 21 kabla ya kuchaguliwa. Kwa hiyo kwa karatasi tu, mama yule angeweza kugombea Nairobi. Kinachomzuia si sheria, ni fundi viatu wa #11.

#16 Hesabu za Usiku
Hahaa, "si sheria, ni fundi viatu."

#17 Mama Tito
Nimeishi Kanada miaka 6, nilikuwa nalea wazee, nimerudi kwa sababu zangu. Niwaambie kuhusu kunyimwa nyumba maana mnapita haraka kama jambo dogo. Unapiga simu, mwenye nyumba anasema ipo, njoo. Unapanda basi mbili, theluji imefika hapa gotini. Unabisha. Anafungua kidogo, mnyororo wa mlango haujatoka. Anakutazama, anasema "oh, imechukuliwa sasa hivi." Kibao cha kupangisha bado kiko dirishani, nyuma ya kichwa chake! Nilirudi nacho machoni mpaka nyumbani. Na hiyo ilikuwa juzi, si miaka ya hamsini.

Kwa hiyo mimi naona mnauliza swali kinyume. Huyo mama hakuchaguliwa *ingawa* alinyimwa nyumba. Alichaguliwa *kwa sababu* alinyimwa nyumba. Yeye na mumewe waliingia kwenye chama cha kutetea watu weusi wa British Columbia, wakaanza kudai sheria. Mtu aliyefungiwa mlango anajua kubisha.

#18 Baba Kevo
Mama Tito heshima. Lakini mbona hata hapa landilodi anauliza jina la pili kabla ya kukwambia kodi? Tofauti ni kwamba huku anauliza akitabasamu.

#19 Mama Tito
Na dipoziti ya miezi miwili anachukua akitabasamu pia.

#20 Dada wa Chama
Wanaume mmeandika posti nyingi namna hii na hakuna aliyetaja wanawake. Miaka ile ya mwanzo ya 70 wanawake wa Vancouver walijipanga, wakaunda shirika lao la kutetea hadhi ya mwanamke, na Rosemary ndiye alikuwa akipokea malalamiko yao. Mwanamke kafukuzwa kazi kwa sababu ana mimba, anakuja kwake. Mwanamke kanyimwa mkopo bila sahihi ya mume, anakuja kwake. Alipogombea, wale wale ndio walibisha milango. Mtandao wa wanawake. Hapa mnaita "chama cha akina mama" mnacheka, lakini mkitaka kura mnajua mkutano uko kwa nani.

Na mwaka 1975 akagombea uongozi wa NDP ya nchi nzima, mwanamke mweusi wa kwanza kugombea uongozi wa chama cha kitaifa Kanada. Watu wakadhani ni mchezo. Kura ikaenda raundi nne, akabaki yeye na Ed Broadbent tu. Akawa wa pili.

#21 Mwalimu Mstaafu
Kweli kabisa, dada. Niongeze lililo chungu. Wenzake walipounda serikali 1972, Barrett hakumpa uwaziri. Yeye alikuwa akidai iundwe wizara ya wanawake, Barrett akakataa, naye akamkosoa hadharani akiwa upande wa serikali hiyo hiyo. Miaka mitatu na ushei ya NDP madarakani akakaa benchi la nyuma.

Kwa hiyo tusiwasifu sana hao Wakanada. Kura walimpa. Kiti cha waziri hapana.

#22 stima_imepotea
Hapo ndipo Kanada na Kenya zinashikana mikono.

#23 Kijana wa Parklands
Mbona hamjataja wetu? Jeevanjee! Kila mtu anakula mahindi choma pale bustanini hajui jina ni la mhamiaji. Amezaliwa Karachi 1856, alileta vibarua wa reli, akajenga nusu ya Nairobi ya zamani, akaingia baraza la kutunga sheria la Mwingereza, Mwasia wa kwanza. Bustani aliwapa wakazi mwaka 1906. Na Pio Gama Pinto naye, mhamiaji kutoka Goa, akawa mbunge akauawa 1965. Kwa hiyo sisi tulianza zamani kuliko Vancouver.

#24 Wakili wa Mtaa
Mdogo wangu, mawili. Jeevanjee *aliteuliwa*, hakupigiwa kura na mtu. Mzungu alichagua nani akae mezani. Na Pinto si mhamiaji hata kidogo! Amezaliwa Nairobi hapa hapa, Machi 1927. Wazazi ndio walitoka Goa, yeye alipelekwa India kusoma tu akarudi. Ndiyo hiyo hiyo tabia ya fundi viatu: mtu kazaliwa hapa, kafungwa na Mwingereza kwa ajili ya nchi hii, kapigwa risasi Westlands, na bado unamwita wa Goa.

#25 Kijana wa Parklands
Aisee. Na mimi mwenyewe naulizwa "kwenu India ni wapi" kila wiki. Nimejikwaa. Samahani.

#26 Kibra Damu
Si nyinyi Waasia mlitangazwa kabila la 44 la Kenya mwaka 2017? Pongezi. Wamakonde ni 43. Sisi wengine tunaendelea kuhesabiwa.

#27 Kijana wa Parklands
Babu yangu aliposikia alisema, "Miaka 70 hapa, leo ndio nimezaliwa."

#28 Mtanga Mjini
Salamu kutoka kwa jirani. Sisi Bongo tuna Nenshi, Mtanzania aliyekuwa meya wa Calgary huko huko Kanada na sasa anaongoza NDP ya Alberta. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

#29 Hesabu za Usiku
Nenshi amezaliwa Toronto mkuu. Wazazi ndio walitoka Tanzania. Mmeona? Kosa lile lile la #23, safari hii mnalifanya kwa kujisifu. Mtoto wa mhamiaji akifaulu ni "wetu," akikosea ni "wao."

#30 Mtanga Mjini
Wakenya bwana. Haya, nusu mtupe.

#31 Shiro wa Zimmerman
Na Lucy Gichuhi wetu wa Australia? Amezaliwa Nyeri huyo, hakuna ubishi. Seneta 2017.

#32 Wakili wa Mtaa
Huyo ni mhamiaji kweli, lakini Seneti ni bunge la nchi, si la jimbo, ingawa aliwakilisha South Australia. Halafu jambo la kuchekesha: walimpeleleza kama bado ni Mkenya, maana kwao pia uraia wa pili ni marufuku bungeni. Kilichomwokoa ni katiba yetu ya zamani. Kabla ya 2010 ukichukua uraia wa nje, wa Kenya unaanguka wenyewe. Sheria iliyowaliza wengi huku ndiyo iliyomsafisha kule.

#33 Mgombea Aliyeanguka
Nimerudi. Nimesoma yote. Naona mna majibu matano: suti, viti viwili, kidonda cha nyumba, akina mama, na karatasi. Mimi naona mmeacha muda. Ile British Columbia yenyewe Wachina na Wahindi walikuwa hawapigi kura mpaka 1947. Wajapani 1949. Kanada iliacha kuchuja wahamiaji kwa rangi 1962, mfumo wa pointi ukaja 1967. Rosemary alifika 1951 mlango ukiwa nusu wazi, akagombea ukiwa umefunguka. Angegombea 1955 angekuwa wa nne kati ya watano kama mimi.

#34 Dada wa Chama
Milango haifunguki yenyewe, mheshimiwa. Nani alisukuma?

#35 Mwalimu Mstaafu
Wote mna haki kidogo kidogo. Mimi nitawatolea mwingine aliyeharibu hesabu zenu zote: Ujjal Dosanjh, wa jimbo lile lile. Mtoto wa kijiji cha Punjab, akapitia Uingereza 1964, akafika Kanada 1968, akafanya kazi kiwanda cha mbao akaumia mgongo, ndipo akasomea sheria. Aligombea 1979, akaanguka. 1983, akaanguka. Katikati hapo, 1985, akapigwa na chuma kichwani kwa kuwapinga Masingasinga wenye msimamo mkali, watu wa kwao. Akapita 1991. Februari 2000 akawa waziri mkuu wa jimbo. Mwaka mmoja na ushei baadaye chama chake kikabaki na viti 2 kati ya 79, na chake hakikuwamo.

Sasa huyo wimbi lilimbeba au lilimzamisha? Na waliompiga walikuwa wageni au wenyeji?

#36 Baba Kevo
Mwalimu, hilo la kupigwa na watu wa kwenu, hapa Nairobi halihitaji tafsiri.

#37 Mgombea Aliyeanguka
Aliangushwa mara mbili kabla ya kupita, umesema?

#38 Mwalimu Mstaafu
Mara mbili.

#39 Mgombea Aliyeanguka
Asante. Nimeandika hapo.

#40 Shiro wa Zimmerman
Mungu wangu, huyu anagombea tena 😂😂

#41 Mkusanya Stempu
Samahani kuingilia. @Mpekuzi hizo stempu ni za toleo la Februari 2009, mwezi wa historia ya weusi. Upande wa pili wa toleo ni Abraham Doras Shadd. Kama mbili hazina muhuri usoni nazinunua. Bahasha usiikate.

#42 Mpekuzi wa Kariobangi
Siuzi. Jana usiku nilimpigia shangazi nimuulize kwa nini alichagua zile. Nilitarajia hadithi ndefu, labda alimjua, maana mama amefariki Vancouver Aprili 2003 na shangazi alikuwa ameshafika huko. Akafikiri kidogo, akasema, "Foleni ilikuwa ndefu. Niliomba za barua ya Kenya, akanikatia hizo. Kwani baba yako alizitunza?"

Halafu akauliza kama ile karatasi ya shamba imeonekana.

#43 stima_imepotea
Imeonekana?

#44 Mpekuzi wa Kariobangi
Bado.